Uvimbe hauonekani kwenye kamera: kutafuta hitilafu za vichunguzi vya nano vinavyovunjika mwilini

Malalamiko kuhusu vichunguzi hivi ni machache na yanajirudia: uvimbe hauonekani, ini linawaka kuliko kitu kingine chochote, panya mzima anang'aa, kichupa kilichofanya kazi mwezi uliopita leo hakina kitu. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi ndiyo inayotangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unafanywa kabla ya ule unaodai panya mwingine au chembe mpya.

Vinavyozungumziwa ni chembe za nanomita 10 hadi 200 hivi, zenye kitu kinachotoa mwanga, ambazo mwili unaweza kuzivunja na kuzitoa: chembe za PLGA (polima inayovunjwa na maji) zilizobeba rangi ya indosianini ya kijani (ICG), lipozomu (vifuko vya mafuta), miseli (vitufe vya molekuli zenye ncha inayopenda maji na ncha inayoyakwepa), fosfati ya kalsiamu, na silikoni yenye vitundu. Zinamulikwa kwa mwanga mwekundu au wa infraredi ya karibu, nazo hurudisha mwanga wenye urefu wa wimbi mkubwa zaidi. Kazi yenyewe ni ya wanyama wa maabara, chini ya kibali cha kamati ya maadili. Hakuna mstari hapa unaoruhusu kumdunga binadamu chembe ulizotengeneza mwenyewe.

Kitu kimoja kinavitofautisha na vichunguzi vingine: vina saa ndani yake, kwa sababu vimetengenezwa ili vife. Kwa hiyo, mbele ya kila picha mbovu, kuna maswali matatu. Je, kimekufa kabla ya kufika? Kimefika, ila mwanga wake haukutoka nje? Au mwanga ninaouona ni wa kitu kingine kabisa? Kamera haijui tofauti, na yule anayesubiri matokeo kwa hamu naye hujifanya haijui.

## Uvimbe hauonekani kabisa

Usianze na uvimbe. Chukua tone la mchanganyiko uliobaki kwenye bomba la sindano, litie kwenye kitundu cha sahani nyeusi, uliweke pale alipolala panya, kisha piga picha kwa mipangilio ileile. Jibu la picha hiyo linakata tatizo vipande viwili. Tone likiwa giza, kosa liko kwenye kichunguzi au kwenye kamera. Tone likiwaka, kosa liko njiani, kati ya sindano na uvimbe.

Tone ni giza. Sababu ya kwanza, na ya aibu kidogo, ni vichujio. Mtu amechagua mpangilio uliohifadhiwa kwenye mashine kwa ajili ya rangi nyingine. ICG ikiwa ndani ya plazma hunyonya mwanga zaidi kwenye nanomita 800 hivi na kuutoa karibu na 830. Ikiwa kwenye maji tupu, kilele cha kunyonya husogea hadi karibu 780. Rangi iliyofungwa ndani ya chembe inaweza kuwa na kilele chake cha tatu. Usitegemee namba za kwenye kibandiko cha kichupa. Pima chembe zenyewe kwenye spektromita, ndipo uchague vichujio.

Sababu ya pili ni rangi iliyokufa. ICG iliyokwisha kuyeyushwa katika maji haina subira: maelekezo ya dawa hiyo, inayotumika kwa wagonjwa tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1959, yanataka itumike ndani ya saa 6. Ile chupa ya akiba iliyokaa kwenye friji tangu wiki iliyopita, tena bila kufunikwa kwa karatasi ya alumini, imwage.

Sababu ya tatu ndiyo inayowasumbua watu zaidi, kwa sababu inakwenda kinyume na akili ya kawaida: rangi ni nyingi mno. Molekuli za rangi zikisongamana hunyang'anyana nishati, na badala ya mwanga kutoka, joto ndilo linalotoka. Hapa kuna hali mbili zinazofanana kwa macho lakini tiba zake ni tofauti, hivyo zitenganishe.

Ya kwanza ni msongamano wa nje. Mchanganyiko ni mzito hadi tabaka la juu linameza mwanga wote kabla haujafika chini. Tengeneza safu ya vitundu 8, kila kimoja kikiwa nusu ya kilichotangulia, na uipige picha. Ukiona kitundu cha nne kinawaka kuliko cha kwanza, umeshapata jibu. Hali hii haina madhara makubwa, kwani damu itakusaidia kuzimua. Lakini usitumie kitundu cha kwanza kukadiria kipimo cha mwanga cha sindano yako.

Ya pili ni msongamano wa ndani. Hapo kuzimua hakusaidii kitu, maana umbali unaoongezeka ni kati ya chembe na chembe, huku molekuli ndani ya kila chembe zikibaki zimebanana vilevile. Kipimo chake ni kuivunja chembe. Chukua kiasi kidogo, ongeza kiyeyushi cha DMSO au sabuni ya maabara mpaka chembe zifunguke, subiri, kisha pima tena, na ulinganishe na chembe zilizozimuliwa kwa maji kwa kiwango kilekile. Mwanga ukiruka juu mara kadhaa, umejaza rangi kupita kiasi. Rudi kwenye utengenezaji, fanya mfululizo wa chembe zenye rangi kidogo kidogo, na uchague ile inayotoa mwanga mwingi kwa kila chembe, hata kama kiasi cha rangi iliyoingia kinaonekana kidogo kwenye jedwali. Njia nyingine ni kuhamia kwenye rangi zinazong'aa zaidi pale zinaposongamana, tabia iliyoelezwa mwaka 2001 na kundi la Ben Zhong Tang huko Hong Kong. Zinafaa sana kwa chembe za polima, ingawa nyingi kati yake zinahitaji kumulikwa kwa mwanga wenye urefu mfupi wa wimbi kuliko unavyotaka kwa mnyama aliye hai. Angalia hilo kabla ya kuagiza.

Tone linawaka, uvimbe giza. Piga picha ya mkia. Ukiona doa linalong'aa pale sindano ilipoingia, dawa ilimwagika nje ya mshipa, na panya huyo aondolewe kwenye hesabu ya kundi lake. Usimdunge tena siku hiyohiyo "kufidia". Mkia ukipashwa joto kidogo kabla ya sindano, mshipa hutuna. Na ukisikia bomba linagoma kusukumika, hauko ndani ya mshipa.

Mkia ukiwa safi, fikiria wakati. ICG iliyo huru hupotea kwenye damu ya binadamu kwa nusu yake ndani ya dakika 2 hadi 4 hivi, ikibebwa na ini kwenda kwenye nyongo. Chembe zilizovikwa PEG (polima inayopenda maji, inayozificha zisiokotwe na mwili) huzunguka kwa saa nyingi, na uvimbe huendelea kukusanya hadi saa 24 au 48. Aliyepiga picha moja tu, saa moja baada ya sindano, hajaona kitu cha kutosha kusema lolote. Piga picha kabla ya sindano, kisha dakika 5, saa 1, 4, 24 na 48. Mwanga ukiwa mwingi mwanzoni na kupotea kabla ya saa 4, shuku kwamba rangi imevuja au chembe zimevunjika mapema. Nenda kwenye sehemu ya "Uvimbe unang'aa vizuri mno" hapa chini, inayohusu uvujaji.

Baada ya hapo tazama kina. Himoglobini humeza mwanga ulio chini ya nanomita 650, maji huanza kuumeza kwa nguvu kupita 900, na kati yake ndipo penye nafasi. Hata katika nafasi hiyo, picha bapa ya juu huona milimita chache vizuri, na karibu sentimita moja kwa shida. Uvimbe wa kongosho hautaonekana kama ule wa chini ya ngozi. Mwishoni mwa jaribio, baada ya panya kuuawa kwa njia iliyoidhinishwa, funua ngozi upige picha tena. Mara nyingi uvimbe ulikuwa unang'aa muda wote.

Uvimbe wenyewe nao unaweza kuwa na kasoro. Mkubwa sana huwa na kiini kilichokufa kisichopitisha damu, na kwenye picha huonekana kama pete. Mdogo sana hauna mishipa ya kutosha.

La mwisho ni matarajio. Wazo kwamba chembe huvuja kupitia mishipa mibovu ya uvimbe na kubaki humo lilitolewa na Matsumura na Maeda mwaka 1986, na limebeba uwanja huu tangu hapo. Lakini mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta kwamba kiasi cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya kilichodungwa. Ukiwa na ishara ndogo, basi, huenda hakuna hitilafu. Ndivyo ilivyo.

SIMAMA. Usiongeze nguvu ya leza ili kulazimisha uvimbe uonekane. Mwanga wa nanomita 808 jicho halioni vizuri, hivyo kope hazifumbi, na retina huungua kabla hujajua. Leza ya zaidi ya miliwati 5 inahitaji miwani ya urefu huohuo wa wimbi. Iliyovuka miliwati 500 huunguza hata ngozi. Kikomo cha usalama wa ngozi kwenye nanomita 808 ni takriban wati 0.33 kwa sentimita ya mraba. Kama kifuniko au swichi ya usalama ya kisanduku cha kamera imeharibika, usiipitie kwa waya wala kwa utepe. Mwite msimamizi wa usalama wa leza.

## Ini linawaka kama taa

Kwanza, tulia. Seli za Kupffer kwenye ini, pamoja na wengu, kazi yao ni kuokota vitu vya ukubwa huu kwenye damu. Chembe za nanomita 100 zikikosekana kabisa kwenye ini, hapo ndipo ungekuwa na swali gumu la kujibu. Hitilafu ni pale ini linapomaliza kila kitu ndani ya dakika chache.

Chunguza ukubwa wa chembe, na uupime kwenye seramu yenye joto la nyuzi 37. Kipimo cha kwenye maji safi hakikuambii chochote kuhusu damu. Chembe nyingi za nanomita 90 kwenye maji huwa mabonge ya 600 baada ya nusu saa ya chumvi na protini. Kumbuka pia kwamba kipimo cha mtawanyiko wa mwanga hupendelea vikubwa, kwa kuwa nguvu ya mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa mara sita kwa chenyewe. Bonge chache zinaweza kufunika chembe nzuri elfu. Fahirisi ya mtawanyiko wa ukubwa ikizidi 0.2, mimi husafisha upya kabla ya kumgusa mnyama.

Ukubwa ukiwa sawa, angalia koti la PEG. Lililowekwa kwa kushikizwa tu juu ya uso huvuliwa na protini za damu, na lililo chache haliwezi kuficha chembe. Na kama panya huyo amewahi kudungwa chembe za PEG takriban wiki moja nyuma, mwili wake umeshatengeneza kingamwili za IgM dhidi ya PEG. Dozi ya pili itasombwa na ini haraka kuliko ya kwanza, ingawa mchanganyiko haukubadilika hata chembe. Tumia panya mpya kwa kila dozi, au upange upya nafasi kati ya sindano.

Ukiona ini likiwaka kwa dakika chache kisha matumbo yakaanza kung'aa, hiyo ni tabia ya ICG huru inayoshuka na nyongo. Chembe nzima hukaa kwenye ini kwa muda mrefu zaidi.

Anayetaka kukwepa ini kabisa hutamani kutumia figo, lakini figo huchuja vitu vyenye kipenyo cha chini ya nanomita 5.5 hivi, kipimo hicho kilionyeshwa mwaka 2007 kwa nukta za kwanta, yaani fuwele ndogo mno zinazong'aa. Chembe ya PLGA haiwezi kuwa ndogo kiasi hicho na bado ikabeba mzigo. Kilicho rahisi ni kubadili mahali: panda uvimbe karibu na paja, mbali na ini, na wakati wa picha lifunike ini kwa karatasi nyeusi uliyohakikisha kwamba yenyewe haing'ai.

## Panya mzima anang'aa

Angalia chakula. Vyakula vingi vya panya wa maabara vina alfalfa, na klorofili yake hung'aa kwenye mwanga mwekundu, karibu na nanomita 670 na kuendelea. Tumbo linaonekana kama lina uvimbe wa ajabu. Badilisha chakula kiwe kilichosafishwa, kisicho na alfalfa, angalau wiki moja kabla ya picha, na ubadilishe matandiko pia, maana panya hula kinyesi chao.

Kisha manyoya. Yanatawanya mwanga, yananasa mkojo wenye rangi, na ya rangi nyeusi yanaumeza. Yanyoe, tumia dawa ya kuondoa manyoya kwa muda mfupi, ioshe vizuri. Kwa panya weusi wa C57BL/6, ngozi yenyewe hupata mabaka meusi manyoya yanapoanza kuota upya, na mabaka hayo huzima mwanga wa chini yake. Ukiyaona, subiri.

Kama hata panya ambaye hakudungwa anang'aa kila mahali kwa usawa, weka kitu kisichong'aa kabisa mahali pake na upige picha. Mwanga ukibaki, kichujio kinavujisha mwanga wa kumulika. Hii hutokea mno pale urefu wa kumulika na wa kupokea vimekaribiana. Viachanishe, au ongeza kichujio cha pili.

Ukishamaliza hayo na mng'ao wa mwili bado unakushinda, kuna njia mbili za kina. Moja ni kuhamia kwenye nanomita 1000 hadi 1700, ambako tishu hutawanya mwanga kidogo na karibu hazina mng'ao wao. Lakini kamera ya kawaida ya silikoni ni kipofu huko, na unahitaji ile ya indiamu, galiamu na aseniki. Nyingine ni ya saa. Silikoni yenye vitundu hutoa mwanga wake kwa maikrosekunde kadhaa, wakati mng'ao wa tishu huisha ndani ya nanosekunde. Kamera inayochelewa kufunguka kidogo baada ya mpigo wa leza hukuta tishu zimekwisha kunyamaza na chembe peke yake ndiyo inayosema. Ni njia nzuri mno, ila inataka leza ya mipigo na kamera inayofungwa kwa kasi hiyo.

## Uvimbe unang'aa vizuri mno

Watu hawaripoti dalili hii, kwa sababu hudhani ni mafanikio. Mimi huiogopa kuliko zote.

Rangi inayopenda mafuta haikai ndani ya chembe kwa uaminifu. Ikikutana na albumini (protini ya damu) na mafuta ya damu, hutoka na kuhamia huko. Albumini nayo huingia kwenye uvimbe kwa hiari yake. Matokeo ni uvimbe unaong'aa, picha nzuri ya kuchapisha, na chembe zote zikiwa kwenye ini. Hali ni mbaya zaidi kwa chembe zinazovunjika, kwa kuwa zikianza kufa huachia rangi yote kwa mkupuo.

Kundi la ulinganisho linalohitajika ni la panya waliodungwa rangi huru kwa kiasi kilekile. Kundi la maji ya chumvi halitoshi. Uvimbe ukiwaka sawasawa katika makundi yote mawili, huna kichunguzi, una rangi. Kisha weka chembe kwenye seramu ya nyuzi 37 kwa saa 24, zitenganishe kwa sentrifuji au kwa safu ya kuchuja kwa ukubwa, na uulize rangi iko upande gani. Usifanye kipimo hiki kwenye bafa tupu, yaani maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi. Rangi isiyopenda maji haina pa kwenda ndani ya bafa, hivyo itaonekana imetulia hata kama ni mvujaji mkubwa.

Dawa ya kudumu ni kuifunga rangi kwenye polima kwa kifungo cha kikemia, au kuweka rangi mbili za urefu tofauti wa wimbi, moja ndani na nyingine kwenye polima, na kuangalia kama zinasafiri pamoja. Zikiachana njiani, utaona zimeachania wapi.

Kwa vichunguzi vyenye kingamwili au ligandi (molekuli inayonasa kwenye kipokezi cha seli) ya kutafuta kipokezi, ongeza kundi ambalo vipokezi vimezibwa kwanza kwa ligandi nyingi isiyo na rangi, na kundi la chembe zisizo na ligandi. Mwanga usipopungua, ligandi yako ni pambo.

## Chupa hii ilifanya kazi, sasa haifanyi

Maji ndiyo adui. PLGA huvunjwa na maji kuwa asidi ya laktiki na ya glaikoliki, na haihitaji kuwa mwilini ili kuanza. Mchanganyiko ulioachwa kwenye maji, hata kwenye friji, unazeeka. Unga uliokaushwa ukitolewa kwenye baridi na kufunguliwa papo hapo hunyonya unyevu wa hewa: utaona ukungu juu ya kioo, na unga uliokuwa mwepesi kama vumbi unanata pembeni mwa kichupa. Acha kichupa kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa, ndipo ukifungue.

Kugandisha bila sukari ni sababu inayofuata. Barafu inapojengeka husukuma chembe pamoja hadi zinashikana, na kutikisa hakuzitenganishi tena. Ongeza sukrosi au trehalosi kabla ya kugandisha na kukausha. Usijaribu kuokoa mabonge kwa mawimbi ya sauti makali yasiyopozwa kwa barafu: PLGA kavu hulainika kwenye nyuzi 45 hadi 50 hivi, na ikiwa na maji hulainika mapema zaidi, kwa hiyo unaweza kuziyeyushanisha chembe ulizotaka kuzitenganisha.

Fosfati ya kalsiamu ina tatizo lake, asidi. Bafa ambayo pH yake imeshuka kidogo chini ya kiwango huanza kuiyeyusha chupani, jambo ulilotaka litokee ndani ya seli.

Silikoni yenye vitundu iweke kwenye ethanoli au kavu. Ndani ya maji, hasa yenye alkali, hugeuka asidi ya ortosilisiki na kuachia gesi ya haidrojeni. Kichupa kilichofungwa kwa nguvu kikiwa na silikoni na bafa kinaweza kurusha kifuniko; ukiona mapovu, kilegeze ndani ya kabati la hewa, mbali na moto.

SIMAMA. Silikoni hii hutengenezwa kwa kuchongwa na asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo hupenya ngozi, hufunga kalsiamu ya mwili, na inaweza isiume mpaka imeshafika ndani. Kama hujafunzwa, kama hakuna mtu mwingine chumbani, au kama hakuna jeli ya glukoneti ya kalsiamu mkononi, usichonge kundi jipya. Tafuta maabara yenye ujuzi huo. Ikikugusa, osha kwa maji mara moja, paka jeli, na uende hospitali hata kama huhisi maumivu.

## Panya anaumwa baada ya sindano

Saa ndiyo inayokuambia chanzo. Akianza kuhema kwa shida au kutetemeka ndani ya dakika chache, sababu za kwanza ni mabonge yaliyoziba mishipa ya mapafu, kiputo cha hewa, au ujazo mkubwa uliosukumwa haraka. Kwa panya wa gramu 20, mililita 0.1 hadi 0.2 ya mshipa inatosha. Piga picha ya mapafu ya aliyekufa: yakiwaka kuliko ini, ni mabonge.

Akijikunja, manyoya yakasimama na akaacha kula saa kadhaa baadaye, fikiria endotoksini (sumu ya kuta za bakteria), mabaki ya kiyeyushi, au sabuni iliyobaki baada ya kusafisha. Chembe zinaweza kuwa hazina vijidudu na bado zikabeba endotoksini, kwani kichujio cha maikromita 0.22 hakiizuii. Angalia pia kwamba rangi yako haiingilii kipimo chenyewe cha endotoksini kinachosomwa kwa mwanga. Weka kiasi kinachojulikana ndani ya sampuli uone kama mashine inakirudisha. Chumvi iwe sawa na ya damu, takriban miliosmoli 300 kwa kilo.

SIMAMA. Panya akihema kwa taabu, akilala ubavu, akipoteza asilimia 20 ya uzito, au uvimbe ukipasuka, jaribio la huyo limekwisha. Mwite daktari wa mifugo wa kituo. Yeye ndiye anayeamua, na data haimsubirishi. Wawili wakianguka kwenye kundi moja, acha kudunga waliobaki.

## Wiki zimepita na mwanga haujaondoka

Mara nyingi chembe imekwisha kuvunjika na rangi ndiyo iliyobaki, kwa sababu rangi nyingi za kikaboni hazivunjwi na mwili kwa urahisi kama polima. Mwanga haupimi uvunjikaji. Pima polima au silikoni yenyewe kwenye ini na wengu. Chembe za silikoni zinazong'aa zilizoripotiwa na kundi la Michael Sailor mwaka 2009 zilihesabiwa hivyo, na zilikuwa karibu zimetoka zote kwa panya ndani ya wiki 4.

Ikiwa ni polima kweli, soma lebo yake. PLGA ya nusu kwa nusu huvunjika haraka kuliko yenye laktiki nyingi, na yenye ncha ya esta huchelewa kuliko yenye ncha ya asidi. Watu huagiza moja wakipata nyingine.

## Namba hazirudiani kati ya siku

Tafuta pikseli zilizojaa. Kamera ya biti 16 haihesabu zaidi ya 65,535, na sehemu iliyofika hapo ni ukuta, haina kipimo. Punguza muda wa kufungua kamera. Zima upakaji rangi wa kiotomatiki; unafanya picha dhaifu na kali zionekane sawa. Linganisha mwanga uliosahihishwa kwa muda, eneo na nguvu ya kumulika, wala usilinganishe hesabu ghafi.

Panya aliyelala akiwa baridi hupunguza damu ya ngozi, na uvimbe wa chini ya ngozi hupungua naye. Mpashe joto hadi nyuzi 37 kabla na wakati wa picha, na isofluraini, dawa ya usingizi, ibaki kati ya asilimia 1 na 2 kwa wote. Walaze kwa upande uleule. Eneo la kupimia lichorwe na mtu asiyejua panya yupi ni wa kundi gani, na sahani ya rangi ya kudumu ipigwe picha mwanzo wa kila siku: sahani hiyo ikibadilika kwa zaidi ya asilimia chache, taa au kamera inahitaji fundi wa mashine, na picha za siku hiyo zisiingizwe kwenye wastani mpaka atakapokuja.